Povu la Mama Rasoa

Chekeni tu, nimezoea. Mpaka leo watu wa Soy wakiniona nimebeba mtungi wa gesi wanashika suruali zao kwa mikono miwili, na yaliyonipata niliyataka mwenyewe.

Siku hizo mashamba yote kuzunguka Eldoret yalikuwa ya wazungu, nami nilikuwa fundi wa bomba, kijana kutoka upande wa Bungoma, mwenye spana mbili na mdomo mkubwa kuliko spana zote. Nilikuwa nimemposa Rasoa, binti ya Mzee Wekesa, mpishi wa shamba moja kule Soy, na mzee alikuwa bado anajikuna kichwa ("Fundi wa bomba? Siku mabomba yakiisha mtoto wangu atakula nini?"). Kwa hivyo Memsahib, yule mama mzungu wa shamba hilo, alipochoka na pipa la kuchemshia maji kwa kuni, akaagiza mashine ya gesi ya kupasha maji ya kuoga, mimi nikaona hapa ndipo ninapopata mke. Nikamwambia mzee kwamba gesi naijua kama kiganja changu. (Nilikuwa nimeiona mara moja, Nairobi, ikiwa imezimwa.)

Nikaja na koti na tai. Nikafunga mashine ukutani bafuni, bomba la moshi nikalitoa nje vizuri, hapo sijilaumu, mtungi nikauweka nje pia, nikaufungua. Ikabaki kupima kama gesi inavuja. Hata mimi nilijua kwamba unapaka povu la sabuni kwenye nati za bomba la gesi, ukiona viputo ujue inavuja. Na povu lilikuwa wapi? Hatua kumi kutoka bafuni, nyuma ya nyumba, kwenye karai kubwa la Mama Rasoa, mke wa mzee, ambaye ndiye aliyekuwa akifua nguo za nyumba ile.

Sasa nyinyi mnajua kwetu. Mama mkwe humkaribii! Humpi mkono, mkikutana njiani unaingia kwenye mahindi ili apite, sembuse kwenda kuchota povu kwenye karai lake na mahari hujatoa. Nimtume mzee mwenyewe, aliyesimama mlangoni na kanzu yake nyeupe ya upishi akinikagua? Mkwe anatumwa? Nikajiambia, ah, nati nimekaza mwenyewe, njiti moja ya kiberiti itanionyesha.

Hiyo ndiyo akili niliyokuwa nayo siku hiyo, yote.

Angalau dirisha nilikuwa nimeliacha wazi, lakini Memsahib akapita na taulo begani, anangojea maji yake kama malkia. "Fundi! Funga dirisha, baridi mingi!" Nikafunga. Wakati ule mzungu akisema funga ulifunga, hata kama ni pua yako mwenyewe.

Mzee akanusa. "Barnaba, kuna kitu kinanuka kama yai bovu."

"Ni harufu ya upya, Mzee," nikasema, nikawasha kiberiti.

Bwaa! Nyusi zikaenda, tai ikaenda, na suruali, ambayo nilikuwa nimeipangusia mikono ya mafuta asubuhi nzima, ikashika moto. Mzee akakimbilia mtungi akaufunga (yeye, asiyejua gesi!), na mimi nikatoka mlango wa nyuma mbio, navua suruali huku nakimbia, sioni mbele, na maji ya kwanza niliyoyakuta nikayakalia.

Jamani. Nimekaa ndani ya karai, povu mpaka kiunoni, suruali hakuna, na mbele yangu amesimama Mama Rasoa na shuka mkononi. "Uuuwi!" Akajifunika kichwa na lile shuka, akakimbia bila kuona njia mpaka akaingia kwenye nyumba ya kuku.

Memsahib akatokea. "Mashine iko vunjika?" Halafu akauliza shuka lake liko wapi. Mimi sikuulizwa.

Miguu ilipona haraka. Roho ndiyo haikupona, kwa sababu nilijua Rasoa nimempoteza, na nilikuwa nampenda, nisiwafiche. Nilirudi mara moja tu kumaliza kazi, dirisha wazi, na povu langu mwenyewe kwenye kikombe. Viputo vitatu vikatoka kwenye ile nati niliyoikaza kwa kiburi. Nikaikaza tena kwa adabu.

Wiki ya tatu Mzee Wekesa akaja kwangu, akaketi, akakataa chai.

"Mbuzi mmoja wa kuondoa aibu," akasema. "Na blanketi la mama."

"Nitaleta, Mzee. Na Rasoa?"

"Rasoa anasema yeye hakuona kitu, kwa hivyo hana neno." Akakohoa, nikaona mabega yanacheza. "Lakini mama yake ametuma ujumbe, nami nautoa kama ulivyo. Siku ya kuleta ng'ombe, uvae suruali mbili."

Nikavaa mbili, kweli. Na mfukoni mwa ile ya juu kulikuwa na kipande cha sabuni, na tangu siku hiyo sijatoka nyumbani bila hicho kipande.