Cheti cha Uhai cha Marselino

Kila mwezi wa Februari, tangu mwaka tisini na mbili, bahasha ndefu ya rangi ya maziwa iliingia katika sanduku letu la posta hapa Kasulu. Sanduku ni la duka la marehemu baba yangu, mzee Dadi, lakini nusu ya watu wa kijiji cha Makere walilitumia, na kazi ya kuwasomea barua ikaniangukia mimi Nurudini, kana kwamba nilizaliwa na miwani. Bahasha hiyo ilikuwa ya Marselino Havyarimana. Ilitoka kwenye kampuni ya bima huko Kanada, na ndani yake mlikuwa na fomu yenye swali ambalo sikulizoea hata mara moja: je, mtu huyu bado yu hai?

Marselino alivunjika mgongo mwaka themanini na saba katika kiwanda cha kupasua mbao hukohuko Kanada. Mguu wa kushoto ulikufa, wa kulia ukabaki nusu. Bima ya kazini ilikubali kumlipa kila mwezi maadamu hawezi kazi, hata akienda kuishi nchi nyingine, ilimradi kila mwaka daktari na mtendaji wa kijiji wathibitishe kwamba bado ni mlemavu na bado hajafa. La ulemavu halikuwa na shida, kila mtu aliyaona magongo yake. La pili ndilo lililotutoa jasho, maana nyuma ya nyumba ya mama yake, Makere, lilikuwapo kaburi lake.

Sifanyi mzaha. Familia hii ilikimbia Burundi mwaka sabini na mbili ikapewa shamba Makere, na kwao, kama mtu yuko mbali na nguo zake zikarudi nyumbani bila yeye, zimefuliwa na kukunjwa, hakuna haja ya kuuliza. Mwenye nguo amekwisha kufa. Sasa huyu Marselino, miaka yote ile Kanada ilikuwa imemsahaulisha. Alipotoka hospitali alilitazama koti lake zito la sufu, lenye vifungo vya shaba, na buti zake za kazi, akaona hatazivaa tena. Akazifua, akazikunja vizuri, akazituma kwa mama yake kama zawadi, kwa mkono wa padri aliyekuwa anakuja Kigoma. Barua ya maelezo akaitia posta. Furushi lilifika baada ya wiki tatu. Barua ilichukua miezi minane.

Katika miezi hiyo minane mama yake, Bibi Ininahazwe, alifanya yote anayopaswa kufanya mzazi. Walikata mgomba wa urefu wa Marselino, wakauvika koti na buti, wakauzika nyuma ya nyumba na msalaba wenye jina na mwaka. Kisha wakaganduka, yaani walianua matanga kwa pombe ya ndizi na sala, kila mtu akarudi shambani. Ndipo barua ikaja. Nilikwenda Makere mwenyewe kumsomea, na kwa kuwa masikio yake yalikuwa mazito, nilisoma kwa sauti ya mnadani, jirani wote wakasikia kwamba Marselino yu mzima. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwana wa Dadi," akasema, "barua yeyote anaweza kuandika. Nguo haziji zenyewe."

Akanipa ndizi za kuwapelekea wanangu. Niliondoka nimekasirika, maana sipendi kubishiwa na mtu asiyejua kusoma. Nilikuwa kijana na mjinga wa mambo mengi.

Marselino alirudi mwaka tisini na moja kwa gari la kukodi. Mimi ndiye niliyempeleka. Mama yake alisimama mlangoni, akamtazama kuanzia magongo mpaka usoni, akasema, "Karibu, mgeni." Nikadhani ni mshtuko, utapita. Watu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu alikaa mgeni miaka mitano. Mama alimlisha vizuri, alimtandikia, alimfungia vidonda, lakini hakumwita jina lake hata siku moja. Akimsema Marselino, alielekeza kidevu kule nyuma ya nyumba. Alfajiri alikuwa anamwaga maziwa kidogo pale msalabani, halafu anaingia ndani kumpa mgeni yaliyobaki.

Marselino hakulalamika. Aliniambia jambo moja tu, siku tuliyokuwa tunajaza fomu dukani jua kali likiwaka nje, naye kajifunika blanketi. "Nuru, tangu nifike nasikia baridi hapa," akajigusa mbavu, "baridi ya udongo mbichi. Na kuna saa naona nimevaa lile koti. Nasikia uzito wake mabegani." Nikamwambia ni malaria. Lakini nilipomshika mkono kumwekea wino wa dole, nilitaka kuuachia kwa ubaridi wake. Mbwa wa Makere, ambao hubweka hata wakimwona katekista, hawakuwahi kumbwekea yeye. Walimpisha tu njia.

Tukaendelea hivyo, mtendaji Stanislaus akigonga mhuri kila mwaka huku ameangalia pembeni, mpaka mwaka tisini na sita. Wakati ule Kasulu ilijaa magari meupe ya kambi za wakimbizi, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa mama mmoja wa Kizungu aliposhuka Makere na kamera. Marselino alikuwa hospitali siku hiyo. Mama yule alikuwa ametumwa na bima. Akauliza kwa Marselino Havyarimana ni wapi, na watoto, kwa adabu zao zote, wakampeleka nyuma ya nyumba. Akapiga picha msalaba. Akamuuliza Bibi Ininahazwe, kupitia mkalimani, kama mwanawe amezikwa hapo, naye akajibu ndiyo.

Barua iliyofuata iliandikwa kwa warithi wa marehemu. Walitupa pole, kisha wakasimamisha malipo.

Nilituma majibu matatu, na picha, na mhuri wa daktari. Wakajibu kwamba mhuri walikwisha kuuona miaka yote. Walichotaka sasa ni tamko la mama mzazi, lenye dole gumba lake na picha yake amesimama na mtu huyo, kwamba huyu ndiye mwanawe na yu hai. Miezi mitano ilipita. Marselino alikuwa anatumia dawa na pamba na mipira ya mkojo ambayo bila fedha ile haipatikani. Vidonda vya makalio vikafunguka mpaka mfupa ukaonekana. Daktari aliniita pembeni akasema vikiendelea hivi, hamalizi masika.

Nikaenda kwa Bibi. Sikubembeleza, nilifoka. Nilimwambia anamuua mwanawe kwa ukaidi. Alikuwa anamenya mihogo, akaendelea mpaka uliokuwa mkononi ukaisha.

"Unadhani simjui?" akasema. "Nilimjua kabla hajashuka garini. Ananuka kama baba yake." Akaweka kisu chini. "Lakini kaburi nililifungua mimi, nikalifunga mimi, tukaganduka. Kaburi lililolipiwa machozi haliwi tupu. Nikinyamaza, linadhani limeshiba. Nikisema kwa mdomo wangu kwamba siyo lake, litauliza, basi ni la nani?"

Mimi ni Mwislamu wa ukoo wa Ujiji, mambo ya migomba inayozikwa hayanihusu, lakini nilijikuta nimegeuka kuangalia kule nyuma ya nyumba. Nilimwambia tu, "Mama, akifa kwa vidonda litakuwa lake kweli."

Akachukua muhogo mwingine. Nikaondoka.

Jumanne iliyofuata aliingia dukani kwangu kabla ya adhuhuri, na kitenge cha kanisani, amekuja kwa lori la mahindi. Alinituma nimwite Stanislaus, aliyekuwa mjini kwa kikao, na mpiga picha wa sokoni. Marselino tulimbeba kutoka wodini tukamkalisha kwenye kiti changu. Bibi alisimama nyuma yake, akaweka mkono begani kwake, na kwa mkono wa pili akabonyeza dole kwenye karatasi. Stanislaus akamwambia aseme mwenyewe, maana sheria inataka hivyo.

"Huyu ni Marselino," akasema. "Umwana wanje, mwanangu. Yuko hai."

Marselino aligeuka akalia kama mtoto, kichwa tumboni mwa mama yake. Nami nililia, sioni haya kusema. Kisha akasema, "Nuru, baridi imetoka." Akalivua blanketi.

Bibi hakurudi Makere siku ile. Alisema anapanda basi la Kibondo kumuaga mdogo wake, Winifrida. Akaniachia furushi dogo. "Ijumaa si unakwenda gulioni Makere? Unifikishie nyumbani." Nilisikia neno kuaga, na furushi nilikuwa nimelishika kwa mikono yangu miwili, lakini akili yangu ilikuwa kwenye karatasi na stempu. Niliituma barua mchana uleule.

Ijumaa nilimchukua Marselino, daktari amemruhusu kupumzikia nyumbani, tukaenda pamoja. Nilimsaidia kuketi kibarazani nikamwekea furushi mapajani, nikimwambia ni la mama. Akalifungua. Mlikuwa na gauni lake la bluu, sweta, na kanga mbili, zote zimefuliwa na kukunjwa. Nilitamani kuzifunga upya, kuzirudisha dukani, kuirudisha Jumanne. Marselino alizishika kanga zile akazilaza shavuni.

Habari ililetwa na utingo wa basi Jumamosi. Bibi alifariki Alhamisi kwa Winifrida, ameketi anachambua maharage.

Alikuwa amemwagiza Winifrida kwamba azikwe katika kaburi lile la nyuma ya nyumba. Wakaung'oa msalaba wenye jina la Marselino, wakachimba palepale, nami nilikuwapo. Mgomba huoza, hilo najua. Sufu nayo labda. Lakini mimi ni mtu wa duka, nimeuza vifungo vya shaba miaka ishirini, na shaba haiozi. Tulipepeta udongo ule kwa vidole mpaka kimo cha mtu. Hapakuwa na kifungo hata kimoja, wala kisigino cha buti. Udongo ulikuwa laini, wenyewe umejipasua kwa vipimo, na wachimbaji wakamaliza kazi ya siku nzima kabla ya chai.

Mwezi wa Mei bahasha ya rangi ya maziwa ikaja. Malipo yanarudishwa pamoja na ya nyuma, na kampuni imefurahi kuthibitisha kwamba ndugu Marselino Havyarimana yu hai. Nilimpelekea Makere. Akajikokota na magongo yake mpaka nyuma ya nyumba, akaniomba nimsomee hapo, penye msalaba mpya wa mama yake. Mbwa watatu wa jirani walikuwa wanambwekea bila kukoma. Nikasoma mpaka mwisho, nikaikunja barua.

"Rudia, Nuru," akasema. "Kwa sauti. Unajua masikio yake."