Kifuniko cha Pembeni

Kwa Kapitolina Savelievna Kokorina, roketi ilikuwa matundu mia moja na kumi na mawili. Mengine yote hakuyajua wala hakuyauliza. Kila tundu lilikuwa na kifuniko chake chekundu, kila kifuniko kilikuwa na nambari na utepe alioushona kwa mkono wake, na kila nambari ilikuwa na kulabu yake kwenye ubao uliochukua ukuta mzima wa chumba chetu chini ya jukwaa la kurushia. Roketi hutoka karakana ikiwa imelala juu ya treni, na vifuniko vyote viko mahali pake ili theluji isiingie. Ikishasimamishwa na kukaguliwa, vifuniko huvuliwa kwa zamu na kushushwa ndani ya magunia. Yeye huvitundika, huandika, hutia saini. Bila saini yake Kanali hawezi kuripoti kwamba roketi iko tayari.

Alifanya kazi hiyo miaka thelathini na mmoja. Alizaliwa katika kijiji kimoja cha mto Onega, akaja mjini kwetu kushona maturubai ya jeshi, akaolewa na Arkadi, dereva wa treni ya wafanyakazi. Hawakujaaliwa watoto. Arkadi alifariki kwa ugonjwa wa ini, na tangu hapo Kapitolina alipanda treni ile ile kila asubuhi, akikaa behewa la nyuma kabisa ili asimwone dereva mpya. Miguu yake ilikuwa imevimba kwa sababu ya sakafu ya zege. Mchana alivua viatu vyake vya sufu, akaipandisha miguu juu ya kreti, akatazama ubao. Mimi nilikuwa mezani kwa simu, hatua nne kutoka kwake, nikiandika saa na dakika za kila agizo, na kuna siku tulimaliza zamu nzima tumeambizana maneno kumi.

Maombi yake ya kustaafu yalikuwa yamelala kwa Kanali Zavialov karibu miaka miwili. "Nipate kwanza mtu wa kushika ubao," Kanali alikuwa akimwambia, na mtu hakupatikana, maana nani anataka kukaa chini ya zege na vifuniko? Vuli ile hatimaye Kanali akampa ahadi: roketi hii ikiruka utakwenda, awepo mtu asiwepo. Ilikuwa roketi ya setilaiti ya mawasiliano ya jeshi. Dada yake Rimma, kule Kargopol, alishamtengenezea chumba karibu na jiko. Lakini roketi iliahirishwa mara moja kwa sababu ya upepo, mara ya pili kwa sababu ya pampu, na Rimma akaacha kuuliza tarehe. Kisha ikajulikana kwamba Kanali mwenyewe anahamishwa mwishoni mwa Novemba. Ahadi ilikuwa ya mdomo tu. Roketi isiporuka kabla Kanali hajaondoka, ahadi ingeondoka naye.

Siku ya jaribio la tatu ilikuwa tarehe ishirini na sita.

Hapa lazima nieleze jambo moja la kazi yetu. Roketi ikiwa imesimama, hakuna mtu anayetamka neno "mwisho", kwa kuogopa mkosi. Hatusemi zamu ya mwisho wala ukaguzi wa mwisho. Tunasema "wa pembeni". Hata dukani, kwenye foleni ya mkate, watu wa mji wetu huulizana, "Nani wa pembeni?" na mgeni hushangaa akitazama pembeni. Tumezoea kiasi kwamba hatukumbuki tena kuwaambia wageni.

Mgeni tuliyekuwa naye alikuwa sajini Rinat Galiullin, Mtatari wa miaka arobaini na minne, aliyeletwa kutoka kikosi cha vifaru. Alikuwa na wiki tatu kwetu. Mtu mpana, mchangamfu, ambaye baridi haikumtisha wala ukimya wa Kapitolina haukumtisha.

"Kapa-apa!" aliita asubuhi ile akiingia na gunia begani. Apa kwao ni dada mkubwa. "Nimekuletea mavuno."

"Funga mlango."

"Setilaiti ya mawasiliano ya jeshi zima," Galiullin alisema, akiutazama mkono wangu, "na simu yenu hapa haisikiki mpaka ipigwe kofi."

Kweli nilikuwa nimetoka kuipiga.

"Hiyo simu ni mzee," Kapitolina alisema. "Ukiipigia kelele inanuna. Lete hapa."

Galiullin alikuwa ametoka kwenye jukwaa la juu kabisa la mnara unaoizunguka roketi, kwenye pua yake, mahali setilaiti ilipokaa ndani ya ganda lake. Pale kulikuwa na matundu sita ya kupumulia, yamepangwa kwa safu, kuanzia nambari thelathini na moja hadi thelathini na sita. Karibu na thelathini na tatu lilichomekwa bomba la hewa kavu yenye joto, na kifuniko hicho hakivuliwi mpaka bomba liondolewe, karibu na saa ya kuruka. Kwa hiyo asubuhi huvuliwa vitano na hicho kimoja huachwa kivuliwe baada ya vyote. Aliyetoa agizo kwa simu alikuwa Meja Kurishev, mkuu wa mnara, nami nilikuwa nimeliandika kama alivyolitamka: vua vyote, acha cha pembeni.

Kapitolina alivitoa kwenye gunia kimoja kimoja, akivitundika. Simu ikalia. Nikaipiga kofi.

"Kapitolina Savelievna anavyo vitano?" aliuliza Meja Kurishev. Sauti yake ilijaa chumba kizima.

"Anavyo," nikasema.

"Basi atie saini, saa tano tunaanza kujaza mafuta. Watu wamechoka, jamani."

Kapitolina hakuwa ameshika kalamu. Alikuwa amesimama mbele ya ubao, bila viatu, kifuniko kimoja mkononi, akisoma nambari yake kwa kukisogeza karibu na taa. Kisha akatazama kulabu ya thelathini na sita. Haikuwa na kitu.

"Sajini," alisema. "Umeacha kipi?"

"Cha pembeni. Kama nilivyoambiwa."

"Cha pembeni kipi?"

"Mama yangu, cha pembeni! Safu ina huku na huku. Huku kuna ngazi, huku hakuna kitu. Nimeacha kilicho huku." Alionyesha kwa kiganja, kama mtu anayemwelekeza mtoto kisima.

Kapitolina alifumba macho kidogo. Kisha akakaa kwenye kreti, akachukua kipande cha karatasi, akaandika neno moja kwa penseli na kumwonyesha. Mimi nililiona kutoka pale nilipokaa. Lilikuwa neno lile lile tusilolitamka. Galiullin akalisoma, akamtazama, akalisoma tena. Kapitolina akaikunja karatasi na kuitia ndani ya jiko la chuma.

"Ndiyo maana yake?" Galiullin aliuliza polepole. "Pembeni ndiyo... hiyo?"

"Ndiyo hiyo."

"Na mtu hakuniambia."

"Hapana. Hakukuambia."

Nilitazama kitabu changu. Vifuniko vya pua vilivuliwa saa tatu na dakika kumi na mbili. Ilikuwa saa tatu na dakika hamsini. Dakika thelathini na nane tundu lilikuwa wazi, na juu kule theluji ilikuwa ikipeperuka kwa ubavu. Nyuma ya tundu lile, kwa jinsi wahandisi walivyosema, kuna soketi za umeme za setilaiti.

Galiullin alikuwa amekwisha kushika kifuniko. "Napanda sasa hivi. Narudisha hiki, navua kile, nashuka. Robo saa. Vitano ni vitano, Kapa-apa. Nani atajua?"

Angeweza kuwa sahihi. Kwa hesabu ya vitano, hakuna mtu duniani ambaye angejua. Wala Kapitolina asingekuwa amesema uongo. Saini yake ingekuwa chini ya orodha iliyo sawa. Saa tisa roketi ingeruka, na kesho yake angekuwa kwenye treni ya Kargopol.

"Panda," alisema. "Rudisha. Lakini mimi naandika."

"Unaandika nini?"

"Kilichotokea."

Simu ikalia tena. Safari hii Kapitolina aliipokea mwenyewe, jambo ambalo silikumbuki kabla ya siku ile.

"Ndugu Meja, vitano vipo. Lakini si vile."

Meja akasema, kwa sauti ya chini zaidi, ila simu yetu haina siri: "Si vile vipi?" Kapitolina akaeleza. Meja akashusha pumzi. "Sikiliza. Hewa ya bomba ni kavu na ni ya moto. Kama kimeingia kitu kimeshakauka. Tunarudisha, tunaendelea."

"Inawezekana."

"Kapitolina Savelievna, tukifungua pua leo hatuondoki hapa chini ya siku kumi. Unajua Kanali anaondoka lini. Unajua karatasi yako iko wapi."

"Najua, Ndugu Meja."

"Basi?"

"Basi mimi ni mtu wa nambari. Ubao unasema thelathini na tatu, na kitabu kitasema thelathini na tatu. Ninyi mna elimu, ninyi amueni kimekauka au hakijakauka."

Akarudisha simu. Akaandika mistari miwili, pole pole, kwa mwandiko wake wa shule ya kijijini. Alipomaliza alijaribu kuvaa viatu vyake, vikakataa kuingia, akaviacha.

Kanali alishuka mwenyewe baada ya dakika kumi. Alikuwa mtu mrefu, na macho yake yalikuwa mekundu kwa siku tatu za kutolala. Alisoma ile mistari akiwa amesimama.

"Miaka minne," alisema, "nangoja siku moja chumba hiki kiniletee habari njema."

"Pole, Ndugu Kanali."

"Ungeniambia kwa mdomo."

"Ningekuambia kwa mdomo, ungekuwa na kazi mbili. Ya kuamua, na ya kuninyamazisha."

Nilidhani Kanali atafoka. Badala yake akakaa kwenye kiti changu cha akiba, akavua kofia, akajisugua uso kwa viganja vyote viwili, akanigeukia: "Andika. Kujaza mafuta kumesimamishwa, saa nne na dakika sita."

Walifungua pua. Walikuta unyevu, kiasi cha kulowesha ncha ya kidole, kwenye ukingo wa soketi moja. Wahandisi wa kiwandani walibishana siku mbili. Wengine walisema ungekauka wenyewe, wengine walisema umeme ungepita palipo na maji na setilaiti ingekuwa bubu kabla haijafika juu. Ninavyosikia hawajaelewana hadi leo. Tume ilikuja, ikahoji, ikaandika ripoti, ikapendekeza kwamba maagizo yote yatolewe kwa nambari peke yake. Meja Kurishev alipata onyo, na hakumsalimia tena Kapitolina. Watu wa mnara, waliokuwa wamepoteza siku zao za mapumziko kwa mara ya tatu, nao walimsalimia kwa shingo upande. Kwenye treni behewa la nyuma lilibaki lake peke yake.

Kanali aliondoka tarehe thelathini. Alikuja kuaga chumba kwa chumba. Kwa Kapitolina alisema tu kwamba amemwachia mrithi wake barua. Mrithi alipofika alisema barua ameiona, na kwamba ni barua nzuri, lakini mtu wa kushika ubao yuko wapi? Jioni ile, tukingoja treni, Kapitolina alinipa nusu ya mkate wake wa samaki, kwa kuwa hakuwa na hamu nao.

"Nitamwandikia Rimma achukue mpangaji," alisema.

Nikala.

Siku mbili baadaye mlango ukafunguliwa bila kubishwa na Galiullin akaingia. Alikuwa amefutiwa ruhusa ya kupanda mnara. Walikuwa wamempeleka bohari, bohari wakamkataa, na jikoni walisema wapishi wanatosha.

"Nimetoka kwa mkuu mpya," alisema, akibaki mlangoni. "Nimemwambia niweke kwenye vifuniko. Kasema, kwa hiari yako? Nikasema kwa hiari yangu. Akanitazama kama mtu aliyeomba kufungwa."

Kapitolina hakugeuka. "Unajua kushona?"

"Nimeshona maturubai ya vifaru miaka kumi na moja. Sindano kama kidole."

"Onyesha mikono."

Akaonyesha. Kapitolina aliikagua kama mtu anunuaye samaki sokoni, mbele na nyuma.

"Ukikosea nambari," alisema, "usinidanganye. Mimi sitapiga kelele. Sina nguvu ya kupiga kelele."

"Sitakudanganya, Kapa-apa."

"Na usiniite kama kengele. Funga mlango, baridi inaingia."

Alimfundisha siku zote zilizobaki. Siku ya saba ya Desemba roketi ilisimamishwa tena. Galiullin ndiye aliyetundika, akisoma kila nambari kwa sauti kubwa mara mbili, na Kapitolina alikaa kwenye kreti na miguu juu, akimsikiliza kwa macho yaliyofumbwa. Mara moja tu alisema, "Rudia hiyo," naye akarudia, ikawa sawa. Mia moja na kumi na mbili. Saini zilikuwa mbili, yake na ya Galiullin, na mkuu mpya akatia ya kwake kwenye karatasi iliyokuwa imelala miaka miwili, juu ya goti, akiwa amesimama, kwa kuwa saa ilikuwa imebana.

Kisha mabasi yalitutoa jukwaani kama kawaida, hadi kilomita tano, kwenye uwazi wa msituni ambako watu hushuka kutazama. Kapitolina alikuwa amekaa kiti cha nyuma ya dereva. Basi liliposimama alikuwa amelala, kichwa kimeegemea kioo, mdomo wazi kidogo. Mmoja wa watu wa mnara alitaka kumwamsha.

"Mwache," Galiullin alisema.

"Miaka thelathini na mmoja, halafu asiione?"

"Ameziona nyingi. Mwache alale."

Tukashuka. Roketi ikaenda, vioo vya basi vikatetemeka, theluji ikamwagika kutoka kwenye misonobari. Aliamka tukiwa karibu kuingia mjini, mbele ya duka la mkate.

"Imekwenda?" aliuliza.

"Imekwenda," nikamwambia.

Akavuta skafu mpaka kidevuni na kufumba macho tena.