Aliyepewa Mwamba wa Bibi

Juzi, rafiki yangu, nilishika usukani mwenyewe. Siku hizi mimi sishiki usukani, nina manahodha. Ukifika Ras Kitau ukayaona maboti yenye utepe wa kijani, usiulize ni ya nani, mtu yeyote pale atakutajia jina langu kabla hujafunga mdomo. Lakini nahodha wangu mmoja alikuwa na harusi ya dadake, na shule moja ya Amu ilikuwa imekodi boti iwapeleke wanafunzi Kiwayu, kisiwani kwetu, wakasome mwambani. Wakasome mwambani! Enzi zetu mwambani tulikwenda kutafuta kitoweo. Anayesoma alikuwa chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, anachapwa.

Ningeweza kumtuma nahodha mwingine. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa nimeambiwa kwamba mwalimu wa huko ni binti wa jirani yetu wa zamani, na kwamba anachowafundisha watoto wa watu ni mwamba wa bibi yangu, nyumba kwa nyumba, kwa majina yake. Nikasema, huyu nitamwuliza uso kwa uso. Alipewa na nani? Na kwa nini yeye, si mimi?

Maana bibi alikuwa na mjukuu mmoja tu wa kwenda naye mwambani, na mjukuu huyo ni huyu anayekuandikia.

Bamvua ilipofika, maji yakipwa mpaka mwamba ukatoka nje wote, bibi alikuwa haamshwi na mtu. Nilikuwa nikisikia kwanza bangili zake, halafu maji ya jabia yakimiminwa kwenye kata, halafu harufu ya mkate wa mofa wa jana unaochomwa tena juu ya makaa. Tulikula na chai ya rangi yenye tangawizi hata ikawasha masikio. Akajifunga leso moja kiunoni na nyingine kichwani, akachukua mchokoo wake, kijiti cha mti mgumu kilichokwisha kwa mikono, na mimi nikabeba kikapu. Tukapanda mchanga, tukashuka upande wa bahari kuu, na huko nyuma, sikuzote, alikuwako binti wa jirani na miguu yake myembamba kama ya kitwitwi, ndege wa ufuoni, akitufuata kwa mbali na kikopo kitupu. Bibi alimwambia arudi. Alirudi hatua chache, kisha akaja tena.

Ngoja nikueleze jinsi bibi alivyofanya kazi, maana hapo ndipo penye hoja yote. Wengine walichokoa pweza kama mtu anayetafuta ufunguo ulioanguka, wanachoma kila tundu wanaloliona. Bibi alikwenda kama mtu anayezuru jamaa. Kila tundu alilipa jina la mtu. Tundu pana lililokaa pweza mnene, mvivu, asiyetaka kutoka, lilikuwa Kwa Kadhi. Tundu lenye magamba meupe ya kombe yaliyopangwa mlangoni lilikuwa Kwa Bi Harusi. Kulikuwa na Kwa Mwenye Duka, ambako pweza alikuwa akishika mchokoo na haachi. Bibi alipiga hodi kweli, kwa ncha ya kijiti, taratibu, na akimtukana Kadhi kwa mambo ambayo Kadhi mwenyewe wa kijijini akiyasikia asingetusalimu tena. Nilicheka mpaka nikadondosha kikapu.

Na kulikuwa na sheria. Nyumba tulizozizuru bamvua hii, bamvua ijayo hatuzigusi. Na ukiona tundu limezibwa kwa mawe kutoka ndani, na ukichungulia unaona jicho limekuangalia lakini mwenyewe hatikisiki, basi ni mama yuko juu ya mayai yake. "Huyo yuko arubaini," bibi alikuwa akisema, kama anavyosemwa mwanamke aliyejifungua juzi. "Mwate." Yaani mwache. Nikaacha. Siku moja mwanamume mmoja wa ng'ambo ya kisiwa alimchokoa pweza wa arubaini mbele yetu, na bibi alimfuata ufuoni kote akimwuliza, "Mamako naye alipokuzaa walimtoa ndani kwa kijiti?" Mpaka yule bwana akashika ndia akaenda zake, akamwacha pweza mchangani.

Tukirudi, mimi ndiye niliyempiga pweza juu ya jiwe alainike. Pa, pa, pa, mpaka povu likatoka. Kijiji kizima jioni kilikuwa na mlio huo, nyumba hadi nyumba, na halafu harufu ya tui zito la nazi. Bibi alinipa mimi kichwa na mkono mnene kuliko yote. Binti wa jirani alipewa ncha.

Hayo yote, ndugu yangu, niliambiwa yatakuwa yangu. Si kwa maandishi. Ni kwa jinsi mtu anavyokuonyesha kitu na kusubiri uone.

Kisha nikaondoka. Nilikuwa darasa la nne, na nyumbani hapakuwa na wa kutafuta isipokuwa mimi. Nikaenda Amu, nikaingia mtaa wa Mkomani kubeba mawe ya matumbawe na chokaa kwa punda, nikawa msaidizi wa fundi, nikawa fundi. Kuna kuta pale Mkomani wageni wanazipiga picha wakidhani ni za masultani. Ni zangu. Halafu nikanunua mashua mbovu, nikaitia mashine, na kutoka hapo mengine unayaona mwenyewe yameegeshwa Ras Kitau. Sikusaidiwa na mtu. Vyeti sina, na wenye vyeti wananiomba kazi. Nyumbani nilipeleka sukari, mchele, vitambaa, nikamwezekea bibi bati. Nani katika Kiwayu aliwezekewa bati wakati ule? Na alipofariki, Mungu amrehemu, nilikuwa nimekwama Mombasa na mashine iliyovunjika, nikafika amekwisha zikwa.

Haya. Juzi tukafika, maji yanapwa. Watoto wakaruka na mafulana yao ya shule, na ufuoni amesimama binti wa jirani, mwanamke mzima sasa, buibui limepandishwa na kufungwa kiunoni, viatu vya raba miguuni. Yeye na wanawake wenziwe na wavuvi ndio waliokaa vikao mpaka wakaufunga mwamba, kipande kwa kipande, miezi kadhaa hapana mtu kuchokoa, kisha wanaufungua kwa pamoja na kufunga pengine. Watu wa mazingira walikuja baadaye na vifaa vyao vya kupimia, na wao ndio wanaomlipa afundishe. Hakusoma kunishinda sana. Lakini watoto wanamwita Bi Mwalimu, na walimu wao wenyewe, wenye vyeti, wanamfuata nyuma.

Nami nikafuata. Nilijiambia naangalia tu.

Rafiki yangu, nilitaka kuukuta mwamba umekufa. Nisikufiche. Nilitaka niseme, mnaona, tangu bibi aondoke hakuna kitu. Badala yake niliona pweza kuliko nilivyowahi kuona utotoni. Majani ya bahari yamesimama marefu, samaki wadogo wanatawanyika kila ukiweka mguu, na kombe ambazo nilidhani zimekwisha duniani. Nikaona wivu hata kwa mwamba wenyewe, kwamba umeweza kunenepa bila mimi.

Na yeye anawaambia, "Hapa ni kwa nani?"

"Kwa Kadhi!" wanapiga kelele. Watoto wa Amu! Hawajalala Kiwayu hata usiku mmoja!

"Na yule bwana huwa vipi?"

"Mnene, hataki kutoka!"

Nikaona tundu limezibwa mawe. Nikamwita mtoto mmoja mwenye miwani, nikamwuliza, "Wewe, na huyu je? Tumchokoe?"

Akaniangalia kama anayemwona mtu anayetaka kuvunja msikiti. "Huyo yuko arubaini, mzee. Haguswi."

"Nani kakwambia?"

"Bibi yake Bi Mwalimu ndiye aliyesema."

Bibi yake! Damu ilinipanda mpaka masikioni. Bibi yake Bi Mwalimu alikuwa akiuza ubuyu upande wa pili wa kisiwa na hakuwahi kulowesha kifundo cha mguu!

Nikamngoja. Watoto walipoketi kuchora walichokiona, nikamvuta kando.

"Wewe, tangu lini bibi yangu akawa bibi yako?"

Hakushtuka. "Kaka'ngu, salamu kwanza. Hata chai hujanywa umeshanitia kizimbani?"

"Nijibu."

"Ulitaka nimwite nani? Shemeji?" Akacheka, kisha akaona sicheki. "Niliyemchotea maji nimwite 'bibi yake Bwana Mwenye Maboti'?"

"Mimi nilimpa mchele. Nilimwezekea bati!"

"Bati kweli ulimwezekea. Mvua ikinyesha tulikuwa hatusikilizani mle ndani. Lakini mimi ndimi niliyekuwa mle ndani."

Nikamwambia alimzunguka mzee, alijipendekeza kwake kwa ajili ya siri za mwamba. Nikamwambia mambo hayo nilikuwa nimeahidiwa mimi. Sauti ilinipanda, na watoto wawili watatu wakageuka. Yeye akajifunga vizuri buibui lake, akatazama maji.

"Unataka kujua alivyonipa?" akasema. "Hakunipa mimi. Alipopofuka macho, bamvua ikifika anasikia tu harufu na anataka kwenda. Nikamtia mkono wake begani kwangu, tukaenda hivyo hivyo, polepole. Akifika mahali anajua kwa miguu. Anasimama, anasema, mume wangu, hapa ni kwa fulani, mfanye hivi na hivi."

Kwetu bibi humwita mjukuu wa kiume mume wangu, ni utani wa nyumba zote, lakini mume wa bibi yangu nilikuwa mimi peke yangu.

"Mara ya kwanza nikamwambia, bibi, mimi siye, mimi binti wa jirani. Tukarudi nyumbani bila neno, akakataa na kula. Bamvua ya pili akasema tena, mume wangu. Mimi nikasema, labeka, mke wangu. Akafurahi, akazungumza mpaka maji yakatufika magotini. Tangu hapo nikawa naitika."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho. Kila nyumba unayoisikia ikitajwa hapa, ulikuwa ukionyeshwa wewe."

Ungetaka nikwambie kwamba hapo moyo ulitulia. Watu waliosoma huandika hivyo. Mimi moyo haukutulia. Kabla ya maneno hayo nilikuwa na wivu kwa mwamba tu. Sasa nikawa na wivu kwa bega lake, ambalo lilishikwa. Nikawa na wivu kwa ule mdomo uliosema labeka. Mtu akikunyang'anya shamba unaweza kwenda kwa wazee, kwa chifu, kwa mahakama. Aliyeitika mahali pako utamshtaki wapi, na tena ukamshtaki kwa kosa gani, wakati asingeitika mzee angelala na njaa?

Maji yakaanza kurudi. Alinyanyuka kuwakusanya watoto, akiwahesabu kwa kuwagusa vichwa, akamkemea mmoja aliyetaka kuondoka na kombe hai mfukoni. Wakairudisha pamoja, kichwa chini vile vile ilivyokuwa. Nikawapandisha botini mmoja mmoja kwa mikono yangu, kazi ambayo sijaifanya miaka mingi. Yeye akabaki ufuoni.

Wazee wenzangu wakikaa hukumbuka yaliyopotea: samaki, kasa, mikoko iliyokatwa. Mimi nimekwenda nimekuta yote yapo, na mengine yamezidi. Kilichopotea kwangu ni kidogo sana, hata watu wa mazingira hawana kifaa cha kukipima. Kulikuwa na mwanamke kipofu amesimama katika maji ya magoti, ananiita. Aliniita bamvua baada ya bamvua, na kila mara alijibiwa vizuri, akaridhika. Nami wakati huo nilikuwa Mkomani, nimepanda ngazi na chokaa mkononi, najenga ukuta mzuri kuliko wote, na sikusikia kitu.