Chuma Nilichokisugua Kikang'aa

Kosa langu la kwanza katika stoo ya vifaa vya upasuaji lilikuwa usafi. Kazi nilijifundisha kwa vitabu vya kuazima, na niliogopa doa kuliko kitu chochote.

Chuma cha kuwekwa ndani ya nyonga ya Mama Tapsabei, mchuma chai asiyeweza kutembea, kilifika kikiwa na utando mweupe unaokwaruza. Nikadhani ni uchafu. Nikausugua kwa brashi ya waya, jinsi tunavyosugua kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, mpaka chuma kikang'aa. Nikampelekea daktari.

"Kijana, ule weupe uko wapi?"

"Nimeutoa wote, daktari."

"Ule weupe ndio ambao mfupa ungeota na kuushika. Bila huo, chuma hakikai."

Kwenye machela, Mama Tapsabei akaniuliza, "Sasa narudi nyumbani hivi hivi?"

Alingoja chuma kingine miezi miwili. Tangu hapo sigusi kifaa kabla ya kuuliza.