Kidole cha Tatu

Sina imani na mtu anayeniambia nitie funguo zangu zote kwenye kasha moja. Ndivyo nilivyomwambia fundi wa simu alipopanda kwenye karakana yetu ya ushonaji hapa mtaani Doornfontein, ugenini, na tableti mbili za mtumba kwapani. Moja ingekaa meza ya kukatia, na vipimo vya wateja. Nyingine ingekaa kaunta, mteja aguse kioo achague mtindo, na humo ndimo alimoweka programu ya kutunza nywila. Benki, barua pepe, ukurasa wetu wa picha mtandaoni, vyote viingie humo, na sisi tukariri neno kuu moja tu.

"Na anayelijua hilo moja?" nikauliza.

"Anajua yote, mama," akajibu, akacheka kana kwamba amenipa habari njema.

Mwenzangu katika biashara hakuona tatizo. Yeye ni mama wa Bukavu, mshonaji hodari, mlokole wa kuimba kwaya. Mimi ni mtu wa Tanga, na nikifunga mlango hurudi kuusukuma nione kama umefungika kweli. Tuliheshimiana sana, lakini hata wasusi wa ng'ambo ya korido waliheshimiana. Walikuwa wawili, wakila sahani moja, hadi mmoja alipofika asubuhi akakuta mwenzake kahamia mtaa wa La Rochelle na ukurasa wa saluni. Picha zote, wateja wote. Aliyebaki aliachiwa viti na vioo. Na sisi magauni yetu ya harusi huagizwa na watu wasiotujua kwa sura; wanaona picha, wanatuandikia. Ukurasa ule ndio duka, chumba tunapanga tu.

Basi nikatoa sharti. Neno kuu liwe vipande viwili: yeye atunge nusu yake, mimi yangu, na kila mmoja aandike huku mwenzake katazama ukutani. Mwenzangu alicheka hadi akakaa chini.

"Vraiment, mama, njo namna gani hii? Tuko banki?"

Lakini alikubali. Ili tusihangaike na neno hilo kila asubuhi, fundi akasema tutafungua kwa alama za vidole. Akatuonyesha kwanza yeye mwenyewe inavyofanyika, kisha akarekodi kidole cha mwenzangu, kisha changu, akateremka kwenye kibanda chake.

Kazi ikawa nyepesi, sitakataa. Mteja akiingia unagusa, kioo kinafunguka, unamwonyesha shela na mikono ya lesi. Nilikuwa nimeanza hata kulizoea kasha lenyewe, mpaka alasiri moja mwenzangu alipokwenda mjini kununua zipu. Kioo kilikuwa kinaniumiza macho, nikawa natafuta pa kupunguzia mwanga. Nikabonyeza hapa, nikabonyeza pale, nikatokea kwenye orodha ya vidole. Kidole 1. Kidole 2. Kidole 3.

Sisi tuko wawili.

Nani kaingizwa? Kuanzia siku hiyo nilishona kwa jicho moja, la pili likawa kwa mwenzangu. Simu yake ikilia anasogea dirishani, anaongea Kishi, lugha nisiyoambulia neno. Kaka yake mlinzi alipopita kumsalimia nilimkaribisha chai, nikakaa namtazama vidole. Hajawahi kukaribishwa chai na mimi, akashukuru sana. Halafu nikaona mwenzangu naye kabadilika. Akienda kupiga pasi anaibeba tableti, anaiweka kando ya pasi. Nikitoka kwenda msalani, nikirudi namkuta kasimama kaunta. Kwangu huo ukawa ushahidi kamili. Nikaamua kwamba Jumatatu nitawahi, nitakifuta kidole cha tatu, kisha tuone nani atalalamika.

Jumatatu taksi yangu ikakwama kwenye robot, taa zake za kuongozea magari zimezimika, nikamkuta mwenzangu keshafungua. Bibi harusi mmoja alikuwa ameshakaa na mama yake, wanataka kuona gauni walilolipenda. Nikaweka kidole. Kioo kikakataa. Nikakifuta kwenye kanga, nikaweka tena. Kikakataa.

"Njo ile chaki, mama," mwenzangu akasema bila kuinua uso. "Enda unawe."

Nikaenda nikanawa kwa sabuni, nikajikausha, nikarudi. Kikakataa. Cherehani yake ilikuwa inanguruma, lakini chini ya sindano hapakuwa na kitambaa. Nikajua nimefutwa. Niliumia, tena sana, na uchungu wangu ulikuwa na aibu ndani yake, kwa sababu alichofanya ndicho nilichokuja kukifanya. Alikuwa amenitangulia tu.

Sikutaka kugombana mbele ya wateja. Nikapiga kelele dirishani, nikamwita fundi. Alipanda akitafuna, akaishika tableti, na bila kufikiri akaweka kidole gumba chake. Kioo kikafunguka.

Cherehani ikanyamaza.

"Eish," fundi akasema. "Samahani, hii ni kidole yangu, ile ya kuwaonyesha. Nilisahau kuitoa."

"Ya ngapi?" mwenzangu akauliza.

"Ya kwanza. Ninyi njo mulifuata."

Mwenzangu akanigeukia. "Mimi nilifuta ya tatu leo asubuhi. Nilizania njo muntu yako, mama. Nilizania unataka kunikimbia."

Kumbe naye alikuwa ameiona orodha. Wote wawili tulihesabu vidole, wote tukaona wa mwisho ndiye mgeni. Mgeni alikuwa ndani tangu mwanzo, na aliyetolewa ni mimi.

Fundi alifuta kidole chake, tukamwambia ateremke. Wateja tukawapa kitambaa cha lesi wakashike kwenye mwanga wa dirisha. Ili changu kirudishwe, programu ilidai neno kuu, nusu zote mbili. Nikageukia ukuta kama siku ile ya kwanza.

"Hapana geuka," mwenzangu akasema.

Akaandika huku akitamka, taratibu, nisikie kila kitu. Nusu yake ilikuwa jina la binti yake aliyebaki Bukavu, na mwaka aliomwacha. Miaka yote tuliyoshona pamoja sikuwahi kulisikia jina hilo.

Akanisogezea tableti, akabaki ananitazama. Nilimshika mkono, nikamwambia asante, na asante ile ilitoka moyoni. Kisha nikaweka kiganja cha kushoto juu ya kioo, nikakifunika vizuri, nikaandika yangu.