Tone Jekundu Chini ya Kikombe

Kitambaa kile cha meza Muhonja hakumwachia mtu. Alikichemshia wanga wa unga wa muhogo mwenyewe, akakianika kivulini ili jua lisiule uzi, kisha akakipiga pasi kikiwa na unyevu bado, kwa upande wa nyuma, maua yasilale. Mama mkwe wake ndiye aliyekitarizi akiwa msichana, kwenye darasa la ushonaji la misheni, na pembeni akaandika jina lake kwa uzi wa buluu: Rasoa. Tangu mumewe Opicho azikwe, kilikuwa hakijatoka sandukuni.

Sasa kilikuwa na kazi. Jumatatu ya Pasaka wazazi wa Mativo, karani wa reli kutoka Makongeni, walikuwa wanakuja mtaani Jericho kujitambulisha. Mativo alitaka kumwoa Triza, na Triza alikuwa mtoto pekee wa nyumba hiyo. Muhonja alijua watu husema nini kuhusu nyumba iliyofiwa na mwanamume. Husema imeshuka. Husema mjane amebaki na picha ukutani na vitambaa vya kroshia kwenye viti. Alikuwa amefundisha shule ya msingi miaka mingi, jina la Opicho alikuwa amelibeba bila kuliangusha, na hakuwa na nia ya kuliangusha mbele ya Wakamba wanaokuja kupima.

Ijumaa Kuu, watu walipokuwa wakitoka kanisani, wifi yake alibisha hodi. Nerima, dada wa marehemu, alikuwa na kibanda cha supu ya vichwa vya mbuzi huko Kiamaiko. Alisimama katikati ya sebule akaitazama kabati ya vioo.

"Nimekuja kukwambia mapema, Mama Triza. Vyombo vya mama nitavichukua."

"Keti kwanza, wifi."

"Nikiketi nitakuchafulia viti. Mimi natoka Kiamaiko, nanuka mbuzi. Si ndivyo unavyosema?"

"Sijawahi kusema hivyo."

"Husemi. Unafungua dirisha tu."

Muhonja aliutoa mkono wake kwenye komeo la dirisha.

Vyombo vyenyewe vilikuwa seti ya chai na sahani za kulia, vyeupe, vyenye waridi la buluu na ukingo wa dhahabu uliofifia. Rasoa alikuwa yaya katika shamba la Mzungu mmoja kule Kitale. Mzungu alipouza shamba na kurudi kwao, alimwachia vyombo hivyo, naye Rasoa akavifunga kwa nguo zake na kuvipeleka nyumbani kichwani. Hakuna kilichovunjika njiani. Alipougua uzeeni alikuja kulala Jericho kwa mwanawe, akiwa na sanduku lake, na Muhonja ndiye aliyemwogesha na kumlisha hadi mwisho.

"Alinipa kwa mkono wake," Muhonja alisema. "Kwenye kitanda kile pale."

"Akili zilikuwa zimemtoka."

"Zilimtosha kuuliza kila jioni, Nerima yuko wapi."

Nerima aligeukia kabati ya vioo. Halafu akacheka, kicheko kikavu.

"Mama yangu alibeba hizo sahani kichwani nikiwa mgongoni mwake. Wewe ulikuwa wapi? Kwenu Maragoli unasoma vitabu. Jumatatu wageni wakitoka nakuja na katoni. Na usinifiche saa ya kuja, mwalimu. Msichana haposwi bila senge yake."

Hapo alisema kweli. Shangazi wa upande wa baba, ambaye wao humwita senge, hana jinsi ya kuachwa nje siku kama hiyo. Asipoonekana, wageni huuliza yuko wapi, na jibu lolote litakalotolewa ni baya. Muhonja alilazimika kumkaribisha adui yake kwenye meza yake mwenyewe na kumpa kiti kizuri.

Jumatatu asubuhi alianza kupanga. Meza zilikuwa mbili, yake na ya jirani yake Nthoki, zisizolingana urefu, kwa hiyo aliinua ile fupi kwa vipande vya mbao, kisha akatandaza kitambaa cha Rasoa juu ya zote mbili, kikashuka pande zote hadi hapakuwa na wa kujua. Maua ya plastiki aliyaondoa. Mvua za Aprili zilikuwa zimeamsha kila kitu nje. Alikata bogenvilia kwenye ua, akachukua yungiyungi nyeupe zilizobaki kanisani baada ya ibada ya Pasaka, akazitia kwenye jagi la maziwa la seti ile ile. Vitambaa vidogo vya kufutia mikono alivikunja pembetatu na kuviweka juu ya sahani. Triza alitaka kuviweka ndani ya gilasi kama alivyoona hotelini.

"Hapa si hoteli," mama yake alimwambia. "Hapa ni kwa Opicho."

Vikombe alivipanga mwisho, na hapo ndipo alipokumbuka kitu alichokuwa akijizuia kukikumbuka. Chini ya kila kikombe, kila kisahani na kila sahani palikuwa na tone la rangi nyekundu.

Kila mwanamke wa mtaa alijua maana yake. Kukiwa na harusi au matanga, vyombo huazimwa nyumba kwa nyumba na vingi hutoka kwa chama cha akina mama, na ili visipotee kila mwenye vyombo hutia alama yake chini. Nyekundu ilikuwa ya chama. Katika matanga ya Opicho, Muhonja alikuwa ameketishwa chini kwenye mkeka na hakujua kinachoendelea jikoni. Wageni walizidi, mtu akafungua kabati, na Nthoki, kwa nia njema kabisa, akachukua kopo la rangi ya mafuta na kutia alama kila kilichooshwa siku ile. Baadaye Muhonja alijaribu kukwangua kisahani kimoja kwa wembe, akaona anakwaruza udongo wenyewe, akaacha. Alijiambia kwamba hakuna mgeni mwenye adabu anayegeuza kikombe.

Wageni walifika baada ya mvua ya mchana, viatu vimejaa matope. Mzee Wathome, baba yake Mativo, alikuwa fundi wa kuchonga vinyago, mtu wa maneno machache. Mkewe Mukai alikuwa na macho yanayozunguka. Kwa upande wa Triza aliketi Sitati, kaka mkubwa wa marehemu na mkubwa wa ukoo, na kando yake Nerima, amevaa kitenge kipya, amejipaka mafuta hadi uso unang'aa.

Kuku alipakuliwa, na firigisi ikawekwa kwenye sahani ya Wathome kama inavyostahili mgeni mkubwa. Mzee aliitazama sahani kabla ya kuitazama firigisi.

"Waridi hili limechorwa kwa mkono," alisema. "Brashi imepita mara moja tu."

"Meza nzuri, Mama Triza," Mukai alisema. "Hata naogopa kula."

Muhonja alishukuru. Kwa muda, sufuria ya ugali ikipoa jikoni, alihisi Opicho yuko mahali fulani chumbani, ameridhika.

Chai ikaja. Nerima alikunywa yake haraka. Muhonja alipoinua birika kumwongeza, Nerima alitikisa kichwa, akakigeuza kikombe chake na kukilaza kifudifudi juu ya kisahani, kama mtu aliyeshiba anavyofanya. Tone jekundu likakaa juu, wazi, katikati ya meza nyeupe.

"Ai!" Nerima alisema, kwa sauti ya kutosha. "Kumbe tunakula kwa vyombo vya chama?"

Mukai alikitazama kikombe, halafu kwa vidole viwili akainua kisahani chake na kuchungulia chini. Triza aliinamisha uso.

"Si vibaya," Nerima akaendelea, akitabasamu. "Mjane afanye nini? Ni kuazima. Wageni wasije tu wakadhani ni mali ya nyumba hii. Ama nakosea, mwalimu?"

Nerima alivijua vyombo vile kuliko mtu yeyote. Muhonja alimtazama, na jibu lilikuwa mdomoni mwake, tayari, lenye moto. Angesema kwamba rangi ile ilipakwa siku ya matanga, wakati majirani wasio wa ukoo wakiosha vyombo, na dada wa marehemu yuko chumba cha kulala akifunga suti za kaka yake kwenye shuka. Lilikuwa la kweli, na Sitati alilijua. Lakini likitoka, wazazi wa Mativo wangerudi Makongeni na hadithi ya ukoo unaovua maiti, na Triza angeingia kwao na hadithi hiyo mgongoni. Na akisema tu, vyombo hivi ni vyetu, Nerima angepiga kelele kwamba ni vya mama yake, na wageni wangeshuhudia watu wakigombea urithi juu ya kuku.

Aliweka birika chini polepole.

"Hukosei, wifi," alisema. "Una macho mazuri. Ni vya chama."

Tabasamu la Nerima lilibaki usoni likiwa halina kazi. Alikuwa amejiandaa kwa vita.

"Hata sisi tuna chama," Mukai alisema hatimaye. "Rangi yetu ni kijani." Akafuta vidole kwenye kitambaa. Mazungumzo yalirudi kwa shida. Sitati na Wathome walikubaliana siku ya kukutana tena. Mlangoni Mukai alimshika Muhonja mkono akasema, "Siku nyingine usihangaike kuazima, mama. Vikombe vya bati vinatutosha."

Muhonja hakujua kama ni wema au kofi. Alivipokea vyote viwili, akawasindikiza hadi barabarani.

Aliporudi, Triza alikuwa amehamishia vyombo kwenye sinia juu ya kabati, mezani pamebaki jagi la maua tu, na Nerima alikuwa ametoa katoni nyuma ya kiti na kuanza kukunjua magazeti. Sitati alikuwa bado ameketi, akichokonoa meno.

"Haya, tufunge vya mama," Nerima alisema.

"Vya mama vipi?" Muhonja aliuliza.

"Usinichezee."

"Umesema mbele ya shemeji yangu, mbele ya wakwe zangu, kwamba hivi ni vyombo vya chama. Nikakubali. Utabebaje vyombo vya chama? Watu watakuita nani huko Kiamaiko?"

"Wewe nyoka! Sitati, si unavijua hivi? Mwambie!"

Sitati alikitoa kijiti mdomoni. "Navijua. Na wewe ulivijua pia ulipogeuza kikombe. Umetaka kumvua nguo mke wa ndugu yetu mbele ya watu. Mimi siwezi kwenda kwa Wathome kesho kumwambia dada yangu ni mwongo. Basi ni vya chama. Niache."

Nerima alilitupa gazeti. Kisha akakamata pembe ya kitambaa cha meza, pale palipoandikwa Rasoa, akavuta. Jagi la maua lilianguka ubavu na maji yakatapakaa. Muhonja alishika pembe ya pili. Walivutana, mjane na wifi yake, hadi uzi mmoja ukalia. Hapo Muhonja aliachia. Hakuweza kuusikia ukikatika.

"Hiki kina jina lake!" Nerima alisema, machozi yakimtoka kwa hasira. "Hiki hakina rangi ya mtu!"

"Kioshe kwa maji baridi," Muhonja alimwambia. "Na usikianike juani."

Nerima aliondoka akiwa amekikumbatia kifuani, majimaji, bila kukikunja. Meza mbili zilibaki uchi, moja juu ya vipande vya mbao, na kila mtu sasa angeona hazilingani.

Kesho yake mtaa mzima ulijua kwamba mwalimu wa Jericho aliazima vyombo kuwapokea wakwe. Nthoki alikuja akihema kutoka sokoni. "Wanasema nini hawa? Mimi najua ukweli, Mama Triza. Ngoja niwaambie. Tena nina mafuta ya taa, tutaisugua hiyo rangi itoke."

Muhonja alikuwa akiosha vikombe, kimoja kimoja, na kuvipanga kwenye sinia vikiwa vimeinama, matone yote mekundu yakitazama juu.

"Wewe ndiye mweka vyombo wa chama," alisema. "Mtu akikuuliza, mwambie ni vyenu. Rangi hiyo ikitoka, Nerima atakuja kuvibeba. Na hayo mafuta ya taa rudi nayo nyumbani kwako."