Nyumba Iliyozima Moto Asubuhi

Pale mtaani Rusimbi watu walimsamehe Zuhra mengi. Walimsamehe ulimi wake usio na breki, na walimsamehe kuolewa na Athumani, mshona nyavu mpole asiyeweza hata kumfokea kuku. Lakini kuzima moto asubuhi, hilo hawakumsamehe.

Ujiji ya siku hizo, mtu akiamka hakukimbilia kiberiti. Alitazama moshi unatokea paa gani, akachukua kigae, akaenda kuomba kaa la moto. Ukiomba hunyimwi. Unaweza kununiana na jirani mwezi mzima, lakini moto utampa, hata kama unampa huku umeangalia pembeni. Na mtaa mzima uliitegemea nyumba ya Athumani tangu enzi za mama yake, maana Zuhra naye alikuwa akiwapikia maharage makuli wa mwaloni, pale boti zinaposhusha mizigo, na mafiga yake hayakupoa toka alfajiri hadi adhuhuri.

Kisha ikaja miaka ya wakimbizi, kwanza wa Burundi, halafu vita vilipowaka ng'ambo ya ziwa, wa Zaire. Kambi zikajaa, mji ukajaa, na mzigo wa kuni ukawa ghali kuliko kitoweo. Watu waliwalaumu wakimbizi kwa kila kitu, hata kwa mvua kuchelewa. Zuhra aliwaambia wazi kwamba mkimbizi naye ana tumbo, na kwamba milima yetu ilianza kunyolewa zamani, na waliokuwa wameshika mapanga tunawajua kwa majina. Hakuongeza marafiki siku hiyo.

Lakini maneno hayapiki maharage. Bei ilipomshinda, akaanza kumtuma Lulu, binti yake wa pekee, kuokota kuni. Karibu na mji hapakuwa na kijiti. Wasichana walipita Mwandiga, wakaendelea kuelekea Kidahwe, wakarudi jua limeshazama, shingo zimekakamaa. Siku ya kuni haikuwa siku ya shule, na Lulu alikuwa ameingia darasa la saba. Mwalimu wake alipokutana na Zuhra sokoni alimwambia bila kuzunguka kwamba mtoto ana akili, ila yeye hawezi kumfundisha mtu asiyekuwepo.

Zuhra alirudi nyumbani bila kununua alichokifuata. Yeye mwenyewe aliacha shule darasa la nne kwa mzigo huohuo, akiishi kwa mjomba wake, na mpaka leo akipewa karatasi anamtafuta wa kumsomea. Alimkuta Lulu amelala ameegemea ukuta, daftari mapajani, ukurasa haujaandikwa kitu. Alimtazama mpaka machozi yakamlenga, halafu akakasirika, na Zuhra akikasirika kitu lazima kifanyike.

"Kuni huendi tena," alimwambia alipomwamsha. "Zitakazopatikana ndizo nitakazopikia."

"Na zikiisha, mama?"

"Hilo niachie mimi."

Jibu alikuwa nalo siku nyingi bila kulitilia maanani. Kila siku alifunga sufuria kwa blanketi kuukuu na kulitia ndani ya kapu ili chakula kifike mwaloni kingali moto. Asubuhi moja ya haraka aliyafunga maharage yangali magumu, akajiandaa kutukanwa. Makuli walipofungua, yalikuwa laini kama yamepikwa kutwa. Siku ile alicheka tu akashukuru Mungu. Sasa akaishika habari ile kwa mikono miwili.

Aliyaroweka maharage tangu jioni. Alfajiri aliyachemsha kwa moto mkali kwa muda mfupi, akakaza mfuniko, akalitumbukiza sufuria katika kapu kubwa lililojazwa majani makavu ya mgomba, akalifunika kwa blanketi na mto juu yake. Kisha akazitoa kuni na kuzizima kwa mchanga, moja moja, ili kesho zifanye kazi tena.

"Leo umeyafunika," alisema Athumani, "kesho utayabembeleza."

"Wewe shona nyavu."

Mara ya kwanza yalitoka nusu mabichi, kwa kuwa alifunua kuchungulia na joto likatoka. Mara ya pili aliondoka nyumbani kabisa, mikono isimwashe. Yakaiva. Mzigo uliokuwa unaisha kwa siku mbili ukavuka wiki, na Lulu akaonekana darasani kila siku.

Shida ilikuja na kigae mkononi. Bi Safina, jirani wa ukuta kwa ukuta, mama mtu mzima aliyechukua moto katika nyumba ile tangu Athumani akitambaa, aliingia uani akakuta mafiga yamepoa.

"Shikamoo, mama," alisema Zuhra. "Moto nimeuzima."

"Marahaba. Mmehama?"

Zuhra alimwonyesha kapu, akamweleza. Bi Safina alisikiliza kwa adabu yote, kisha akasema, "Mama mkwe wako hakuwahi kunirudisha na kigae kitupu," akatoka zake. Kufika jioni ilikwishasemwa kwamba Zuhra ananyima watu moto, na usiku haujaingia ikaongezwa kwamba anapikiwa na jini. Gharib, mkubwa wa makuli, alisema jini mwenye mkono kama ule apewe mkataba. Majirani hawakucheka. Wakaacha kubisha hodi, na salamu zao zikawa za midomo tu.

Iliuma. Zuhra hakuwa jiwe, na Bi Safina ndiye aliyempokea Lulu siku anazaliwa. Kuna alfajiri aliishika kuni ya mwisho, akatamani kuiacha ifuke kidogo tu, kwa ajili ya amani. Akamwona Lulu anafunga vitabu vyake. Akaizika kuni mchangani.

Mvua za masika zilipokolea, mpwa wa Bi Safina alifika kwa boti kutoka Uvira, ng'ambo ya ziwa, ana watoto wanne na fundo moja la nguo lililolowa. Kuni za Bi Safina zililowa vilevile. Alikuja na kigae chake kwa kukosa pengine pa kwenda, akasimama mlangoni kwa Zuhra maji yakimtiririka.

"Nina watoto hawajala tangu jana, Zuhra. Leo usinirudishe."

"Moto sina, mama."

Uso wa Bi Safina ukakunjamana. Zuhra akaingia ndani, akatoka amekumbatia kapu zima, maharage ya makuli, riziki yake ya siku ile. Akalitua mbele ya bibi, akafunua. Mvuke ukapanda.

"Wape wale," alisema. "Makuli nitawaambia mwenyewe."

Bi Safina alitia kidole, akakitoa haraka. Aliyatazama mafiga yaliyopoa, akalitazama tena sufuria. Walipakua pamoja, na watoto walikula mpaka wakasinzia wameketi. Mwaloni Zuhra alizomewa na kila mwenye njaa, akavumilia.

Jioni bibi alirudi. "Tumekuwa wengi sasa," alisema. "Kesho Mwavita wangu atakwenda Kidahwe kuni. Basi Lulu amsindikize, wasichana wasiende mmojammoja."

Mwavita, mjukuu wake, alikaa dawati moja na Lulu, siku anazofika.

"Lulu haendi," alisema Zuhra. "Na Mwavita haendi. Nikimwachia yeye aende, nimefanya nini? Nimehamisha mzigo kichwani kwa mwanangu nikautua kwa mwanao. Niletee maharage yako usiku huu niyaroweke."

"Moto wa watu wawili," aliuliza Bi Safina, "utatosha?"

"Utatosha."

Alfajiri masufuria mawili yalichemka kwa moto mmoja, la pili likingoja zamu. Wasichana walipita uani na sare zao, wakaamkia, wakashika njia ya shule. Zuhra aliinama kuzitoa kuni, akakuta mkono umemtangulia. Bi Safina, ambaye maisha yake yote hakuacha moto ufe, alikuwa anazivuta moja moja na kuzizika mchangani, na hakuinua kichwa mpaka ya mwisho ilipoacha kufuka.